Kabla Mgonjwa Wako Hajaingia MRI, Uliza Habari za Waya

Babu yangu alikwenda kupigwa MRI, yaani picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, ya uti wa mgongo katika hospitali moja hapa Mombasa, akatoka na lengelenge kwenye kidole cha shahada. Walimvisha kipima oksijeni cha kawaida, chenye waya wa shaba, na waya ukajikunja ubavuni mwake. Nilipomuuliza mbona hakusema, alinijibu, "Mjukuu wangu, nilidhani lile joto ndiyo kazi yenyewe ya mashine." Mimi nilikuwa nje nimeshika bakora na kofia yake, na sikuwa nimeuliza neno. Hilo laniuma hadi leo.

Wengi huogopa sumaku, na ni haki yao. Mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ina usumaku unaozidi ule wa dunia mara 30,000 hivi, na kwa kawaida haizimwi hata usiku. Ndiyo maana pini za mtandio, bangili na hirizi ya bati huachwa nje. Lakini kilichomuunguza babu si sumaku. Ili ipate picha, mashine hiyo hurusha mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64. Waya wa shaba ukiwa humo hugeuka antena: huyadaka mawimbi, umeme hupita, na joto hukusanyika nchani, palepale panapogusa ngozi. Ukijikunja kitanzi, hatari huzidi.

Dawa yake ni uzi wa faiba, unaobeba mwanga wala haupitishi umeme. Ni kioo, wa jamii moja na ule wa intaneti uliopita chini ya bahari ukatua Mombasa mwaka 2009 kwa mradi wa TEAMS, kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu. Katika kipima oksijeni cha faiba, taa na kisomaji vyote hubaki kwenye kifaa kilicho mbali na mgonjwa. Kidoleni hufika mwanga tu, ukapenya nyama na damu, ukarudi na habari yake. Vipo pia vipima joto vya namna hiyo.

Kwa mwenye betri ya moyo, yaani pesimeka, suala ni zito zaidi, maana ncha ya waya imo ndani ya moyo wenyewe. Watafiti wamejaribu kupeleka mwanga kwa faiba badala ya umeme. Ugumu ni kwamba moyo husukumwa na umeme, kwa hiyo mwanga sharti ugeuzwe tena kulekule ndani. Zilizowafikia wagonjwa wengi ni pesimeka za waya zilizoundwa upya zistahimili mashine. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka 2011. Hata hizo zina masharti, na alama yake ni pembetatu ya njano. Mraba wa kijani ni salama, duara jekundu lenye mstari ni marufuku. Basi kadi ya pesimeka isikose mkobani, na uitoe siku ya kupanga miadi, si mlangoni mwa chumba.

Mamangu alipoandikiwa MRI, niliuliza mapema: atavishwa nini, kina waya gani, na utapitishwa wapi? Mtaalamu hakuchukia. Alinionyesha uzi wa faiba, akaulaza ukiwa umenyooka bila kuukunja, akaweka kitambaa kati ya mikono ya mama na mapaja yake, kisha akampa kipira cha kubinya. "Mama, ukihisi joto popote, binya hapohapo, usivumilie."

Mama alikibinya mara moja kukijaribu, kabla kitanda hakijaingia.