Kamera haioni unachokiona

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma jioni ile ile ilipofika, na picha nne ulizoambatanisha nimezitazama mpaka macho yakaniuma. Umeniuliza: "Mama, mbona ninachokiona kwa macho sicho kinachotoka kwenye kamera? Au nitafute kamera nyingine?" La pili jibu lake ni fupi, basi tulimalize kwanza. Hapana. Kamera uliyo nayo ina uwezo kuliko zote nilizofanyia kazi ujanani. Pesa yako iache itulie.

La kwanza ndilo lenye maneno.

Tuanze na rafiki yako aliyekaa dirishani. Katika picha moja miti ya nje imetoka safi na yeye amekuwa kivuli chenye masikio. Ulipojaribu tena, uso ukaja, dirisha likageuka karatasi nyeupe. Unasema uliposimama pale uliona vyote, uso, miti na hata mawingu. Nakuamini, ila hukuviona kwa mkupuo mmoja. Jicho lako lilipotua usoni, mboni ilitanuka; liliporuka nje, ikasinyaa; na ubongo ukavishona vipande hivyo vikawa mandhari moja bila kukuarifu. Kichwani mwako kuna mhariri ambaye tangu uzaliwe hajaomba likizo. Kamera haina mtu huyo. Inapokea mwanga wote mara moja, kwa tundu moja na kwa muda mmoja, kisha inakukabidhi ilichopata.

Mwanga tunauhesabu kwa stopu, na kila stopu ni maradufu ya ile iliyotangulia. Kwa hiyo tofauti ya stopu 5 kati ya uso na mawingu si mara tano, ni mara 32. Ikiwa stopu 7, ni mara 128. Hapo ndipo sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, inaposalimu amri upande mmoja.

Mwanga huo unaugusa kwa vitu vitatu: tundu la lenzi, kasi ya shata (kile kipazia kinachofunguka na kujifunga mbele ya sensa) na ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ulioingia. Ukitoka f/4 kwenda f/5.6 umepunguza nusu. Ukitoka 1/125 kwenda 1/250 umepunguza nusu nyingine. Ukipandisha ISO kutoka 200 hadi 400 picha inarudi kung'aa maradufu, lakini hapo mwanga wenyewe hujauongeza. Umekuza tu kile kidogo kilichoingia, na uchafu wake ukakua nacho. Ndizo zile chenga ulizolalamikia kwenye picha ya usiku. Na usione aibu kuchanganywa na namba za tundu. Mimi nilikaa mwezi mzima nikidhani f/16 ni kubwa kuliko f/4. Ni sehemu: urefu wa fokasi wa lenzi umegawanywa kwa 16, au kwa 4. Robo ya mkate ni kubwa kuliko kipande kimoja kati ya 16.

Hata hivyo, dawa ya picha ile haikuwa kwenye namba yoyote. Ilikuwa kumwomba rafiki yako ageuze kiti. Wewe uende karibu na dirisha, mwanga upite begani mwako, yeye autazame. Jaribu kesho mchana, kisha umwambie ageuke kidogo kidogo mpaka dirisha liwe ubavuni kwake, na kila akigeuka upige moja. Tazama kivuli cha pua. Kitaanza kifupi, kitatambaa shavuni, na mwisho kitameza nusu ya uso. Zoezi hilo la robo saa litakufundisha mengi kuliko video kumi za wauza lenzi.

Ile ya tatu, ya sebuleni, umeandika "imekuwa ya njano sijui kwa nini." Ni yule mhariri tena. Taa ya balbu ya rangi ya joto ina kama kelvini 3000, jua la mchana kama 5500, lakini karatasi nyeupe ukiishika chini ya balbu unaiona nyeupe tu, maana ubongo umeshasahihisha kabla hujafikiri. Kamera inahitaji kuambiwa nyeupe ni ipi, na hilo unaliweka mwenyewe kwenye menyu. Lakini angalia vizuri picha yako: shavu moja ni njano, jingine limepigwa na mwanga wa dirishani na ni la buluu. Hilo hakuna namba itakayolitibu. Ukitibu shavu hili, lile linaharibika. Ungezima balbu.

Na tafadhali, washa faili ghafi, ile iliyoandikwa RAW kwenye menyu. Picha ya JPEG, ile faili ya kawaida, ina ngazi 256 kwa kila rangi, toka nyeusi hadi mng'ao wa mwisho. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Ukivuta kivuli cha JPEG kwa nguvu kwenye kompyuta, ngazi zinaisha na mashavu yanafanya mistari kama ramani.

Sasa nikuchekeshe, ingawa siku ile sikucheka. Nilikuwa na umri kama wako, nikapewa kazi ya kupiga picha za mahafali. Filamu ilikuwa ya picha 36. Nikapiga mpaka kihesabio kikasoma 36, kikasoma 37, nikafurahi kwamba nimepata ya nyongeza. Ikaja 38, kisha 39. Kwenye 42 nikahisi baridi tumboni. Ulimi wa filamu haukuwa umeshika kwenye kigurudumu cha kuvutia. Kila nilipovuta wenzo, meno yalizunguka bure. Filamu nzima ilikuwa bado imelala ndani ya kopo lake, haijaona hata kofia moja ikirushwa. Na dalili ilikuwa wazi tangu picha ya pili: kile kitufe cha kurudishia filamu, juu kushoto, hakikuzunguka. Nilikuwa nakitazama bila kukiona, kwa sababu kichwani mwangu picha zilikuwa zimeshapatikana.

Wewe una skrini nyuma ya kamera, lakini nayo usiiamini ovyo. Usiku jicho limezoea giza, kwa hiyo picha ya giza huonekana inang'aa. Juani hata picha nzuri huonekana imefifia. Washa ile grafu ya mwanga, yenye umbo la mlima, giza kushoto na weupe kulia. Mlima ukijibana ukutani kulia, kuna weupe uliopotea na hautarudi. Kisha kuza picha mpaka uhesabu kope, ndipo uamini fokasi.

Kamera tangu mwanzo haikuwa jicho. Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki ilipigwa na Nicéphore Niépce nchini Ufaransa, mwaka 1826 au 1827, kutoka dirishani kwake. Bamba lake lilipokea mwanga polepole mno, likakaa wazi kwa saa nyingi, jua likatoka upande mmoja likaenda upande wa pili. Matokeo yake majengo yameangazwa kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Hakuna binadamu aliyewahi kusimama pale akaona hivyo. Mimi naipenda picha ile kwa sababu hiyo hasa.

Tuje kwenye video yako ya mdogo wako akitengeneza baiskeli. Dakika sita, klipu moja, hujakata popote. Nimeitazama yote, maana mimi ni mama yenu. Mgeni angeondoka kwenye dakika ya kwanza.

Kwanza la ufundi, haraka. Mikono yake inarukaruka kama ya mdudu kwa sababu ulipiga juani kwa shata ya 1/1000, kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, ikaganda kama jiwe. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde weka 1/50, yaani maradufu ya fremu, ili kila fremu ibebe ukungu kidogo wa mwendo. Juani mwanga utakuzidi. Kwenye jua kali na ISO 100, shata ya 1/50 inadai tundu la f/22 hivi. Ukitaka f/4 ili ukuta wa nyuma ulainike, una stopu 5 za kuondoa, na hiyo ndiyo kazi ya kile kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi, wanakiita ND32. Ndani ya nyumba, taa zikitembeza mistari kwenye video, ni umeme: wa hezi 50 hupepesa taa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inameza mipepeso mizima, na mistari inatulia. Wenye umeme wa hezi 60 huweka 1/60.

Sasa lile la maana. Sehemu kubwa ya dakika zile sita umezunguka na kamera: toka usoni kwake hadi gurudumu, toka gurudumu hadi boksi la vifaa, halafu ukarudi. Ulifikiri ndivyo macho yanavyofanya. Acha kusoma kidogo. Tazama mlango, kisha tazama dirisha. Je, umeuona ukuta wa katikati ukipita mbio? Hukuuona. Jicho liliruka, na ile safari ya katikati ubongo ukaitupa. Jicho halitelezi, jicho linakata. Ndiyo maana kata iliyokaa mahali pake mtazamaji haioni kabisa, na mzunguko wako unamtia kizunguzungu. Kuhariri ni kuirudishia kamera yule mhariri iliyemkosa.

Basi kwa baiskeli ile ungetulia. Kamera kwenye stendi, sekunde kumi za yeye mzima na baiskeli. Sogea: mikono tu, kidole cheusi kwa grisi kikiinua cheni. Sogea tena: uso, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama afanyavyo akikazana. Halafu cheni ikikaa kwenye meno, ile "klak." Ukifika mezani kuhariri, mkato uweke katikati ya tendo: mkono unaanza kuinuka kwenye picha pana, unamalizia kuinuka kwenye picha ya karibu. Macho ya mtazamaji yanafuata mkono na mkato unapita.

Mtengeneza filamu mmoja Mrusi, Lev Kuleshov, mwanzoni mwa karne iliyopita alichukua uso wa mwigizaji mmoja, uso ule ule, akauunga na sahani ya supu, mahali pengine na jeneza. Watazamaji, kwa jinsi kisa kinavyosimuliwa, wakasifu alivyoigiza njaa, wakasifu alivyoigiza huzuni. Unga uso wa mdogo wako na cheni iliyokatika, kisha uunge uso huo huo na gurudumu linalozunguka vizuri. Utamwona kwanza amekata tamaa, kisha ana fahari, na huenda wakati ule alikuwa anawaza tu kwenda kulala.

Sikio nalo lina mhariri wake. Ulipokuwa pale ulimsikia akikueleza kila spana, wala feni hukuisikia. Kwenye klipu feni inanguruma na sauti yake yeye ni kama inatoka kisimani. Maikrofoni ya kamera haichagui. Isogeze kifuani kwake, hata kama ni simu ya pili umeiweka mfukoni mwake ikirekodi, na sauti ya juu kabisa uiache ifike karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti, isigonge 0. Kabla hujaondoka, waambie wote wanyamaze na urekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo. Utakuja kuushukuru unapoziba mapengo kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu. Na kuna hila moja ninayoipenda mno: sauti ya klipu inayofuata iingie sekunde moja kabla ya picha yake. Tusikie "klak" tukiwa bado usoni kwake, ndipo tuone cheni.

Programu ya kuhariri chukua yoyote unayoimudu. DaVinci Resolve ina toleo la bure, Kdenlive ni ya bure yote. Zile mbwembwe za picha kupinduka na kulipuka kati ya klipu na klipu, ziache kwa mwaka mzima. Na nakala: kamera yako ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja ni megabaiti 750, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inajaa kwa dakika 85 hivi. Usiifute mpaka kazi iwe kwenye diski mbili. Mbili, mwanangu, si folda mbili ndani ya diski moja.

Klipu ya baiskeli usiitupe. Nitumie ghafi, dakika zote sita. Najua picha za karibu hazimo, lakini ikate hivyo hivyo ifike dakika moja, nami nitaikata ya kwangu bila kuona yako, kisha tuziweke sambamba. Nina hakika sote tutaanza na ule mkono.

Mama yako

Tena: kuna kidoa cha kijivu juu kulia kwenye picha zako zote nne, mahali pale pale. Ni vumbi kwenye sensa, na kwa kuwa lenzi huipindua picha kichwa chini, litafute upande wa chini. Tumia kipulizio cha mpira, kamera imeinama. Usipulize kwa mdomo. Mate yako yatakaa hapo kuliko vumbi lenyewe.