Mnaoanza kazi ya setilaiti, kisomeni kisa cha Artemis

Wadogo zangu mnaoripoti kazini mwaka huu, wengi wenu mtawekwa kwenye meza moja na kuambiwa: wewe ni wa vikuza mawimbi, wewe ni wa antena, wewe ni wa umeme. Mgawanyo huo hauepukiki. Ubaya wake ni kwamba baada ya miezi sita mtu anaacha kuuliza kinachofanyika chumba cha pili.

Mimi nilianza hivyo hivyo. Mwaka wangu wa kwanza katika kituo cha ardhini, mwezi Machi, mawimbi ya setilaiti yetu yalididimia mchana kwa dakika kadhaa. Nilikuwa mtu wa vikuza mawimbi, basi nikafungua vikuza mawimbi, nikang'oa kifaa ambacho hakikuwa na kosa lolote na kuweka kingine. Kesho yake, karibu saa ileile, yakadidimia tena. Mzee aliyekuwa na zamu hakugusa bisibisi. Alinitoa nje akanionyesha dishi: kivuli cha kile kioo kidogo cha mbele kilikuwa kimeangukia katikati yake kabisa. Jua lilikuwa linapita nyuma ya setilaiti, na dishi letu likawa linameza kelele za jua pamoja na mawimbi tunayoyataka. Hutokea kila mwaka karibu na Machi na Septemba, siku chache mfululizo, na tarehe zake hukokotolewa mapema. Watu wa antena walikuwa na jedwali lake ukutani. Sikuwa nimewahi kuingia chumbani kwao.

Wiki ile mzee alinipa kisa cha Artemis nikisome. Sijapata kingine kinachomfaa mgeni wa kazi hii kuliko hicho.

Artemis ilikuwa setilaiti ya mawasiliano ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, iliyoundwa chini ya usimamizi wa kampuni ya Alenia Spazio ya Italia. Ilikuwa setilaiti ya kufanyia majaribio: kupokea data kwa leza kutoka setilaiti nyingine, kutumia injini za ioni, kubeba mawasiliano ya simu za magari. Makazi yake yalipangwa kuwa kwenye ule mzingo, yaani njia ya kuizunguka Dunia, wa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huzunguka sawia na Dunia, hata dishi la chini liione kama imesimama.

Ilirushwa tarehe 12 Julai 2001 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwa roketi ya Ariane 5, ikiwa pamoja na setilaiti ya Japani iitwayo BSAT-2b. (Kituo cha Malindi, hapo pwani ya Kenya, ni miongoni mwa vilivyokuwa vikizifuatilia roketi za Ariane 5 katika safari za aina hii. Kazi hii haiko mbali na kwetu kama watu wanavyodhani.) Hatua ya juu ya roketi ilisukuma kwa nguvu pungufu, kisha ikazima kabla ya wakati. Artemis ikaachwa kwenye mzingo ambao upande wake wa mbali ulifika kama kilomita 17,500 tu, ilhali ulitakiwa kukaribia 36,000. BSAT-2b haikuwa na mafuta ya kuliziba pengo hilo, ikapotea.

Hapa ndipo nataka mtulie. Artemis ilikuwa na akiba ya namna mbili. Kwanza, mafuta ya kawaida ya injini kubwa yalikuwa mengi. Waendeshaji waliyatumia haraka, ndani ya siku chache, kwa sababu mzingo ule wa chini ulikuwa unaipitisha setilaiti tena na tena kwenye mikanda ya Van Allen, maeneo ya mionzi mikali yanayoizunguka Dunia, na mionzi hiyo hula paneli za jua. Waliwasha injini kila setilaiti ilipofika karibu na Dunia ili kuurefusha upande wa mbali, kisha wakawasha huko mbali ili mzingo uwe duara. Wakasimama kwenye kilomita 31,000 hivi. Kuyachoma yote ili kumaliza safari kungeiacha setilaiti ikiwa imefika lakini haina cha kujiwekea sawa miaka inayofuata.

Akiba ya pili ilikuwa zile injini za ioni zilizokuwa kwenye majaribio. Zilikuwa nne, mbili za Ujerumani na mbili za Uingereza, kila jozi kwa usanifu wake, ili kosa la usanifu mmoja lisiziue zote. Hunyonya gesi ya zenoni, huipa chaji ya umeme na kuirusha nje kwa kasi kubwa sana. Nguvu yake ni kama milinewtoni 15, yaani uzito wa theluthi ya karatasi moja ya A4. Zilifungwa kwa kazi moja ndogo: kuirudisha setilaiti inapovutwa na Mwezi na Jua kuelekea kaskazini au kusini.

Kwa hiyo zilikuwa zimeelekezwa upande usiofaa. Kupandisha mzingo kunataka msukumo unaofuata njia ya setilaiti, na hizi zilisukuma kuikata njia hiyo. Dawa ilikuwa kuigeuza setilaiti nzima nyuzi 90 kutoka mkao wake wa kawaida na kuiendesha hivyo kwa miezi, mkao ambao kompyuta yake haikuwahi kufundishwa. Iliwalazimu kubadilisha karibu asilimia 20 ya programu ya uongozaji na kuirusha juu kwa mawimbi ya redio.

Fikirini ni nani angeweza kulipendekeza jambo hilo. Mtu wa injini peke yake hajui programu inaruhusu nini, na mtu wa programu hajui injini inavumilia kuwaka kwa muda gani. Lazima walikuwepo watu waliokwisha kusoma michoro ya wenzao kabla shida haijaja. Mimi naamini hapo ndipo setilaiti ile iliokolewa.

Ilipanda kama kilomita 15 kwa siku. Tarehe 31 Januari 2003 ikafika mahali pake, miezi 18 baada ya kurushwa.

Na hawakukaa bure wakisubiri. Novemba 2001, ikiwa bado kwenye kilomita 31,000, walijaribu leza. Setilaiti ya Ufaransa SPOT 4, iliyokuwa juu ya Dunia kwa kilomita 830 hivi, ikaitumia Artemis picha kwa megabiti 50 kwa sekunde. SPOT 4 ilikuwa inakimbia zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, na mwanga wenyewe huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kuvuka umbali ule, kwa hiyo hulengi pale mwenzako alipo. Unalenga atakapokuwa, kama mpiga pasi anayemtangulizia mpira mshambuliaji.

Nyinyi mtakutana na akiba kila siku, kwa sura ndogo zaidi. Desibeli chache, yaani nguvu ya ziada iliyoachwa kwenye hesabu ya mawimbi, huonekana za bure hadi masika yaingie na mvua ianze kuyadhoofisha mawimbi. Bosi wa fedha atauliza kwa nini tunazilipia. Akiba haiozi, lakini mjibuni kwa rekodi za mvua za mwaka uliopita, tarehe kwa tarehe, na kwa hilo anzeni kuziandika leo.

Artemis ilifanya kazi hadi 2017. Katikati hapo iliongea kwa leza na setilaiti ya Japani, Kirari, Desemba 2005, na mwaka uliofuata na ndege ikiwa angani. Mwishoni ilisukumwa juu zaidi, kwenye mzingo wa makaburi, isiwazuie wengine. Hata safari hiyo inataka mafuta. Siku mtakapokabidhiwa jedwali la mafuta ya setilaiti, anzeni kulisoma kwa mstari wa chini kabisa, ule wa safari ya makaburini, kisha mwende chumba cha pili mkaulize nani aliuhesabu na kwa kipimo gani.