Mbwa aliyeachwa kwenye mnyororo

Dada wa Chikongola, Mtwara, unasema jirani alihama akamwacha mbwa amefungwa, mbavu nje, manyoya yamenyonyoka, nawe unataka kumtunza mpaka apate mmiliki mpya. Hongera. Ila usimjazie sufuria! Mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla, madini ya damuni huvurugika na mbwa anaweza kufa. Mpe ugali laini na dagaa wasio na chumvi, kidogokidogo, mara 4 kwa siku, maji yawepo muda wote.

Upele usiupake oili chafu. Atailamba, nayo ni sumu. Mwite daktari wa mifugo, amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa na ampe dawa ya minyoo. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Woga wake utachukua muda. Wa kwangu alikaa uvunguni wiki 3. Nilikuwa nakaa nikimpa ubavu bila kumkodolea macho, mpaka akaja mwenyewe kuninusa.

Msimu wa korosho watakuja wengi wanaotaka mbwa wa ulinzi. Katembelee kwanza kwao. Ukiona mnyororo mfupi, rudi naye.