Risasi za Tuzla na silaha za Iraki: maswali yenu kuhusu uongo wa vita

Wiki iliyopita niliandika kuwa vyombo vya habari vina mizani mbili vinapopima maneno ya wanasiasa kuhusu vita. Barua zimekuja nyingi. Najibu tano.

Mwaka 2008 Hillary Clinton alisakamwa kwa kusema alitua Bosnia chini ya risasi. Waliosema Iraki ina silaha za maangamizi mbona hawakusakamwa hivyo walipokuwa wakiyasema?

Kwa sababu uongo wa Bosnia ulikuwa na picha. Clinton alisimulia kwamba mwaka 1996, akiwa mke wa Rais wa Marekani, walitua Tuzla, mji wa Bosnia, wakirushiwa risasi na wadunguaji, wakakimbilia magari huku wameinamisha vichwa. Televisheni ya CBS ilikuwa na mkanda wa siku ile: anatembea taratibu uwanjani, binti yake yuko naye, na mtoto wa kike wa miaka minane anamsomea shairi. Unaweka maneno, unaweka mkanda, kazi imekwisha. Hakuna mkubwa wa kumtafuta usiku, hakuna anayehatarisha kazi yake.

Sasa chukua Agosti 2002. Makamu wa Rais wa Marekani, Dick Cheney, alisema hakuna shaka kwamba Saddam Hussein ana silaha za maangamizi. Ndani ya serikali shaka ilikuwapo. Tathmini ya siri ya mashirika ya ujasusi, iliyokamilishwa Oktoba mwaka huohuo, ilibeba pingamizi la wachambuzi wa Wizara ya Mambo ya Nje kuhusu madai ya nyuklia. Toleo lililopewa umma halikuitaja wizara hiyo. Kulijua jambo hilo kulitaka miezi ya kubisha hodi kwa watu wanaoogopa. Vyumba vingi vya habari vikachukua njia nyepesi: vikaandika alichosema mkubwa.

Simtetei Clinton. Alistahili kuulizwa, na mwenyewe alikiri amekosea. Lakini hadithi ya Tuzla haikumuua mtu. Ya Iraki ilizika makumi ya maelfu ya raia, na ndiyo iliyopita bila kukaguliwa. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka.

Mwandishi hawezi kuona moyoni mwa mtu. Si bora aandike "alikosea" kuliko "alidanganya"?

Nakubaliana nawe, ilimradi uangalifu huo apewe kila mtu. Neno uongo linataka ushahidi kwamba msemaji alijua ukweli. Ila sikiliza vitenzi vya taarifa zetu za habari: kiongozi wa nchi rafiki "amebainisha", "amefafanua"; wa nchi hasimu "amedai". Kubainisha ni kuweka wazi jambo lililo kweli. Mhariri akilipitisha neno hilo, ameyawekea muhuri maneno ambayo hakuyakagua.

Vladimir Putin alipokanusha Machi 2014 kwamba wanajeshi wake wako Crimea, wahariri wengi wa Magharibi walimtilia shaka siku hiyohiyo, na walikuwa sahihi. Mwezi uliofuata alikiri. Shaka ileile ilikuwa wapi tarehe 5 Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, alipoketi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akieleza maabara za sumu zinazotembea kwenye malori? Hazikupatikana kamwe.

Mimi hutumia "amesema", kisha naandika kinachojulikana.

Na waandishi wenyewe wakisema uongo?

Huadhibiwa haraka. Brian Williams, mtangazaji wa televisheni ya NBC ya Marekani, alisimamishwa miezi sita bila mshahara mwaka 2015, baada ya kusimulia kwamba helikopta aliyopanda Iraki mwaka 2003 ilipigwa. Haikupigwa. Adhabu ilimstahili.

Uingereza ndiko mizani ilikolala zaidi. Mei 2003 Andrew Gilligan wa BBC aliripoti kuwa serikali ilitia chumvi waraka wake kuhusu silaha za Iraki, ule uliosema baadhi zingeweza kuwa tayari ndani ya dakika 45. Uchunguzi wa Jaji Hutton, Januari 2004, uliilaumu BBC. Mwenyekiti, Mkurugenzi Mkuu na Gilligan wote wakaondoka ndani ya siku chache. Silaha hazikuonekana, na Waziri Mkuu Tony Blair akabaki madarakani hadi 2007.

Angalia pia mahali pa kuomba radhi. New York Times ilikiri Mei 2004 kwamba baadhi ya habari zake za Iraki hazikukaguliwa vya kutosha. Kadhaa kati yake zilikuwa zimetoka ukurasa wa mbele. Ungamo liliwekwa ukurasa wa 10.

Kuna chama kinachopendelewa?

Donald Trump wa Republican na Joe Biden wa Democratic wote wamewahi kudai waliipinga vita ya Iraki tangu mwanzo. Trump aliulizwa redioni Septemba 2002 akaonyesha kuikubali. Biden aliipigia kura ya ndiyo Oktoba 2002. Chukua habari ya mmoja, badilisha jina tu, uisome tena. Ukiona kichwa cha habari hakikufai tena, umepata jibu lako.

Kuna waliofanya kazi vizuri?

Wapo. Jonathan Landay na Warren Strobel wa Knight Ridder, kampuni ya magazeti ya Marekani, waliandika kabla ya vita kwamba ushahidi ni dhaifu. Waliwauliza maofisa wa ngazi za kati, wale wanaosoma ripoti zenyewe, badala ya wakubwa wanaozitangaza. Kampuni yao ilikuwa na magazeti zaidi ya 30. Baadhi ya magazeti hayohayo hayakuzichapa habari zao.