Mkuu, usichemshe hizo ringi za filta

Zima jiko kwanza, salamu baadaye. Nimesoma swali lako: tanki la mbuna (wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa), ringi za seramiki za ndani ya filta zimegeuka kahawia na zina utelezi, sasa unataka kuzichemsha, uziloweke kwenye jiki usiku kucha, uzisuuze bombani mpaka ziwe nyeupe, halafu uzianike juani. Hapo umeua mara nne kitu ambacho kingekufa mara ya kwanza tu. Umeuliza pia mwani kwenye kioo, pampu inayonguruma na kuongeza samaki. Hayo nitayafikia nikikumbuka.

Huo utelezi unaoukimbiza ndio filta yenyewe. Ringi peke yake ni kauri yenye vitundu, haichuji chochote cha maana. Samaki anatoa amonia mchana na usiku, nyingi inapitia kwenye matamvua, huioni kwa macho na pamba haiwezi kuinasa. Wanaoishughulikia ni bakteria waliojishikiza kwenye huo ute: Nitrosomonas na wenzake wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. (Vitabu vya zamani vitakwambia kundi la pili ni Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti walichunguza akwariamu za maji baridi wakakuta kazi hiyo inafanywa na Nitrospira. Mtu akikuuzia chupa ya bakteria, soma kwanza kilichoandikwa.) Shida yao ni kwamba wanazaliana polepole mno. Bakteria wa kawaida wanaoozesha chakula wanaweza kujigawa ndani ya nusu saa, hawa wetu wanahitaji sehemu kubwa ya siku nzima kuongezeka mara mbili. Ukiwafuta mchana mmoja, kuwarudisha ni wiki nne mpaka sita, na muda wote huo samaki wako wanaogelea ndani ya mkojo wao.

Najua kwa sababu nililipia somo hili, tena kwa hela taslimu.

Nilikuwa na mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa njano na wale wa bluu wenye milia, nimewajaza kwa makusudi kama inavyoshauriwa ili ugomvi usimwangukie samaki mmoja. Tanki lililojaa vile linaishi kwa filta tu. Akaja fundi wa matanki, yule wa kuja nyumbani na mkoba, simtaji. Akafungua filta, akaguna kama daktari aliyeona picha mbaya. "Bosi, hii imeoza. Samaki wako wanaishi chooni." Mimi nikaona aibu! Nikamwachia. Akazipeleka ringi uani, akazisugua kwa brashi chini ya bomba, akazitia jiki, akaomba sufuria akazichemsha. Mke wangu bado ananidai ile sufuria. Sponji nayo ikaminywa bombani mpaka ikatoa maji meupe. Ringi zikarudi zinang'aa, nikamlipa, nikamwongezea na nauli.

Kesho yake maji yalikuwa kama hayapo. Nikapiga picha nikaweka status. Wapongezaji walikuwa wengi, na wenye akili humo ndani wakanyamaza.

Baadaye samaki wakaanza kukaa juu, midomo hewani, matamvua yanachapa. Nikampigia. Akasema ni oksijeni, nunua pampu ya hewa. Nikanunua. Maji yakawa meupe kama yametiwa tui. Nikampigia tena, na hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri, maana kosa la kwanza lingeweza kusameheka. Akasema, "Uchafu ulibaki, tuoshe tena."

Na mimi, mtu mzima mwenye familia, nikasema sawa.

Akaosha upya. Safari hii akatoa na mawe akayasugua, mchanga akauosha bombani, maji yote yakamwagwa, na ringi "zilizochoka" zikabadilishwa kwa mpya kutoka duka la rafiki yake. Hebu fikiria alichofanya. Wale bakteria wachache walionusurika kwenye mawe na mchanga ndio waliokuwa wameanza kurudi. Yale maji meupe yenyewe kwa kawaida ni bakteria wa aina nyingine wanaofumka tanki likivurugwa, hupungua wenyewe ukitulia na kuacha kulisha. Hakukuwa na kitu cha kuosha. Tukamaliza mbegu yote, tukajaza maji ya bomba mabichi yenye klorini, ile dawa ya kuua vijidudu, tukawarudishia samaki nyumba mpya isiyo na choo wala mfagiaji.

Kwa mbuna hali inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha ukali wa maji (7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni umagadi). Amonia majini iko ya sura mbili, na inayoua hasa ni ile isiyo na chaji. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, hiyo yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi. Mbuna tunawafuga kwenye maji ya 7.8 mpaka 8.6 kwa sababu ziwa lao ndivyo lilivyo. Kwa hiyo kiasi kilekile ambacho goldfish wa jirani yako kwenye maji ya pH 7 atakivumilia, kwako ni msiba. Nilipoazima kipimo cha matone cha amonia, kikageuka kijani kibichi cha kutisha. Fundi alipoona akasema kipimo kimeharibika.

Waliobaki walikuwa wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Simu yake ikawa haipatikani, nadhani alikuwa anachemsha ringi za mtu mwingine.

Na hii hadithi ya "badilisha ringi kila miezi mitatu", muulize anayekwambia kama na yeye haziuzi. Pamba ya kuchujia uchafu, badilisha. Kaboni (ule mkaa wa filta) huisha nguvu, badilisha. Ringi hazibadilishwi mpaka zianze kumeguka, na hapo unatoa sehemu tu, mpya zinakaa pamoja na za zamani wiki kadhaa ndipo utoe zilizobaki. Mama zetu wanajua hili: kibuyu cha mtindi hakioshwi mpaka kikaisha harufu, unabakiza kidogo cha jana kigandishe cha leo.

Sasa shika sheria moja: RINGI NA SPONJI ZINAOSHWA KWENYE NDOO YA MAJI ULIYOTOA TANKINI. Basi. Siku ya kubadilisha maji, vuta maji machafu ya tanki kwenye ndoo, chovya ringi, zitikise, minya sponji mara chache, tope litoke, rudisha. Zitabaki kahawia, ziache hivyo. Unachoondoa ni lile tope linaloziba vitundu na kuzuia maji yenye oksijeni yasipite, maana hawa bakteria bila oksijeni hawafanyi kazi. Usifuate kalenda, fuata mkondo: maji yakianza kutoka kwa unyonge kwenye bomba la filta, ndiyo siku yake. Leo osha ringi, sponji iache mpaka wiki mbili tatu zipite. Na siku unayoosha filta, mchanga usiuguse.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme yeye anaosha bombani miaka yote na samaki wanadunda. Anaweza kuwa anasema kweli. Ana samaki wachache, mchanga mwingi uliojaa bakteria, na maji ya mtaa wake klorini imeisha njiani au anatumia kisima. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinataka klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapofika bombani, ila hujui leo mtaani kwako wameweka ngapi. Wewe una mbuna, tena wamejazana. Usijilinganishe naye.

Kama ulishachemsha kabla hujasoma hapa (naomba Mungu hapana), usitupe chochote kingine. Acha kulisha siku mbili, baada ya hapo lisha kiduchu. Badilisha theluthi ya maji kila siku, yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha kunasaidia kama ni klorini ya kawaida, kama ni kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hakusaidii. Tafuta mtu mwenye tanki lenye samaki wazima, mwombe sponji yake chafu, uiminye ndani ya filta yako au uiweke kabisa humo. Hiyo sponji ni dhahabu kuliko chupa yoyote ya dukani. Nitriti ikipanda, samaki wanashindwa kubeba oksijeni hata maji yakiwa na hewa tele, damu yao inakuwa ya kahawia. Chumvi ya kawaida kidogo inasaidia kwa sababu kloraidi iliyomo kwenye chumvi inaizuia nitriti kuingia kwenye matamvua. Umeme nao ukikatika masaa mengi na una filta ya mtungi iliyofungwa, usiiwashe tu ukirudi. Mwaga kwanza yale maji yaliyovunda ndani, suuza ringi kwenye NDOO YA MAJI YA TANKI, ndiyo uwashe.

Mwani wa kioo kwangua, punguza taa. Samaki usiongeze hata mmoja kabla hujapima amonia na nitriti zikawa sifuri. Pampu inayonguruma nimesahau ulisema ni ya aina gani, wengine watakusaidia. Tupia picha ya ndani ya filta ilivyo sasa hivi, kabla hujaigusa.