Maji Kidogo Yawekee Mbelewele

Wadogo zangu mnaoanza kumwagilia mahindi hapa Kasese, Uganda, mwaka wa ukame pigeni hesabu ya maji kabla ya kununua mbegu. Milimita 1 ya maji kwenye ekari moja ni karibu lita 4,000. Mahindi yakichanua na jua likiwaka, hunywa milimita 6 hivi kwa siku. Hizo ni lita 24,000, yaani jerikeni 1,200 za lita 20, kila siku, kwa ekari moja tu. Anayekuambia kwamba tangi la lita 10,000 litaokoa ekari mbili anakupoteza. Panda eneo ambalo maji yako yanaliweza, hata kama ni nusu ekari na jirani anakucheka.

Ninalosisitiza kuliko yote ni wakati. Mahindi machanga huvumilia kiu kidogo. Kipindi kisichosamehe ni wiki mbili kabla ya mbelewele (ua dume la kileleni) kutokeza na wiki mbili baada yake; kwa mbegu kama Longe 5 ni kama miezi miwili tangu kupanda. Menya hindi changa taratibu uangalie: kila unywele umeshikilia punje yake. Mbelewele humwaga chavua kwa wiki moja hivi. Mmea wenye kiu huchelewesha nywele, nazo zikitokeza chavua imekwisha, gunzi linabaki na mapengo. Maji ya baadaye, hata yakiwa mafuriko, hayazirudishi punje hizo. Ndiyo maana nasema: ukiwa na maji ya mara chache tu, yatunzie kipindi hicho kwanza.

Majani yakijikunja saa saba mchana, usikimbilie pampu. Yakiwa bado yamejikunja saa moja asubuhi, hiyo ni kiu ya kweli. Halafu chimba sentimita 30 katikati ya mashina, finya udongo. Ukishikana donge, subiri. Ukikuchuruzika vidoleni, fungua maji. (Udongo wa kichanga haushikani vizuri, huo ukague mara kwa mara.)

Kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mubuku, inayotegemea mito Mubuku na Sebwe, maji huenda kwa zamu. Safisha mfereji wako kabla ya siku yako kufika. Mifereji ya kati ya matuta iwe mifupi. Ikiwa mirefu, maji yanatuama kichwani na mkiani hayafiki. Palilia mapema, magugu nayo yanakunywa. Mbolea ya urea itie siku ile ile ya zamu, kabla ya maji kuingia.

Punje zinapojaa msilegee. Ukame wa wakati huo hukaribisha ukungu unaotoa sumukuvu (aflatoksini), na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumu hiyo. Tabaka jeusi likionekana kwenye kitako cha punje, mmea umemaliza kunywa. Funga maji, mpishe jirani mwenye maharage.