VPN inatosha kukuficha? Niliyoyaona kwenye meza yangu Kariakoo

Mkuu, umeuliza kama ukiwasha VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwanza kwenye kompyuta ya mbali, ndiyo basi, hakuna anayekuona. Ngoja nikujibu kifundi. Nina meza ya kutengeneza simu mtaa wa Aggrey, na kuna majira "niwekee VPN" inaniingizia hela kuliko kubadili vioo.

Oktoba 2020, wiki ya uchaguzi, foleni yangu ilifika kwa muuza juisi ya miwa. Twitter haifunguki, WhatsApp tiki moja tangu asubuhi. Ukiwasha VPN, vyote vinarudi. Kilichokuwa kinafanyika ni kwamba mtandao wa simu unaangalia jina la huduma unayoitafuta. Likiwa kwenye orodha ya waliozuiwa, unakatwa. VPN inalifungia jina hilo kwenye bahasha, wao wanaona tu unaongea na kompyuta fulani iliyoko, tuseme, Uholanzi. Mei 2025 X, yaani Twitter ileile, ilipofungwa, dawa ikawa ileile.

29 Oktoba 2025 sasa. Siku ile hawakuchagua cha kufunga, data yenyewe ilizimwa, na tulikaa hivyo siku kama tano. Jirani alinifuata nyumbani Mabibo na simu ina VPN nne, zote zinazunguka tu. Nikamwambia, kaka, barabara imefungwa, vioo vyeusi vya gari vitakusaidia nini?

Tuje kwenye kujificha. Laini yako umeisajili kwa kidole. Wasiosajili walianza kuzimiwa Januari 2020. Kwa hiyo VPN inaficha unachosoma, haifichi kuwa ni wewe, saa ngapi, mnara upi, na kwamba umewasha VPN. Na tangu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatangaza kuwa wanaozitumia watoe taarifa zake. Halafu hizi za bure! Mwenye VPN anaona yale ambayo kampuni ya simu ingeyaona. Umehamisha daftari tu, umempa mtu usiyemjua.

Ila kwa uzoefu wangu watu hawakamatwi kwa njia hizo. Kijana mmoja wa bajaji, mteja wangu, alikuwa na VPN ya kulipia kabisa. Akaandika jambo kwenye grupu la mtaa, watu mia na ushee. Baada ya siku mbili akaitwa kujieleza. Alichowekewa mezani ni skrinishoti: jina lake, namba yake, na picha ya wasifu amesimama kando ya bajaji, namba za usajili zinasomeka vizuri. Hakuna mtambo wowote uliomdukua, ni mwenzake wa grupu. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 cha taarifa za uongo, faini inaanzia milioni 5 au jela miaka 3 kwenda juu, au vyote viwili.

Alirudi, namshukuru Mungu. Akaja mezani nimfutie VPN, eti ndiyo iliyomponza. Picha ya wasifu siku hizi ni ua.